Waliopimwa Wapewe Majibu

Tanzanite huchimbwa mahali pamoja tu duniani, vilima vya Mererani wilayani Simanjiro. Watafiti walikwenda huko wakawavisha wachimbaji vifaa vya kupimia vumbi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Mawe yalikuwa yakitobolewa bila maji, baruti zikilipuliwa na kifusi kuzolewa kwa koleo ndani ya mashimo yasiyopitisha hewa. Vumbi la silika walilovuta lilivuka mno viwango vinavyokubalika.

Matokeo hayo yalitoka kwa Kiingereza, katika jarida la Ulaya. Sina ugomvi na hilo, maana mtafiti naye ana cheo cha kutafuta. Ugomvi wangu ni na desturi yetu ya kudhani kwamba kazi imekwisha makala inapotoka.

Vumbi linaloonekana, lile linalompaka mwanaapolo, yaani mchimbaji wa Mererani, hadi kwenye kope, silo la kuogopwa zaidi. Chembe zinazoua ni ndogo mno kwa macho, na kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii. Zikishafika mapafuni hubaki humo zikiyatia makovu. Silikosisi inayotokana nazo haina dawa ya kuiponya, na humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi. Mgonjwa asipoulizwa kazi yake hospitalini, atameza dawa za TB, apate nafuu, kisha arudi shimoni kulekule.

Fidia je? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na waajiri, ilhali wanaapolo wengi hawana mshahara. Hupewa chakula na kungoja mgao jiwe likipatikana. Mtu wa namna hiyo ana haja ya ushahidi kuliko hata mwenye mkataba. Kule Afrika Kusini wachimbaji wa dhahabu waliougua silikosisi walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg ikaidhinisha makubaliano ya fidia. Nyuma ya kesi ile kulikuwa na miaka mingi ya vipimo na picha za mapafu.

Kwa hiyo, kuanzia toleo lijalo, kila makala ya utafiti itakayoletwa kwenye jarida letu hili iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili ulioandikwa kwa ajili ya waliopimwa, pamoja na maelezo ya lini na wapi walisomewa. Isiyokuwa nao tutairudisha.