Mwacheni Mtoto Avae Kofia

KAULI YA MPAKANI
Na Okello Wandera

Ulaya wanangoja kiangazi ndipo wakumbushane kujikinga na jua. Sisi wa Mwello, Tororo na Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, tunaoishi jirani na ikweta, jua letu halina likizo. Tena tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale inavyozidi ukali. Hata siku ya mawingu, sehemu kubwa ya miale hiyo hupenya.

Wengi wetu tumezaliwa na kinga: melanini, rangi iliyo ndani ya ngozi. Mwenye ualbino hana kinga hiyo, au anayo kidogo mno. Jua humuunguza upesi, na madhara yake hujikusanya mwaka hadi mwaka midomoni, masikioni, usoni na nyuma ya shingo, mpaka yanazaa saratani. Saratani hiyo huzuilika, na ikiwahiwa hutibika.

Ndiyo maana huniuma sana ninapoona siku ya michezo katika shule zetu. Mtoto mwenye ualbino amekuja na kofia pana aliyonunuliwa na mama yake sokoni. Mwalimu wa zamu anamwita: "Vua hiyo, si sare ya shule." Anaivua. Kuanzia saa nne hadi saa nane yuko uwanjani, kichwa wazi, shati la mikono mifupi. Jioni shingo imekuwa nyekundu, na usiku hapati upande wa kulalia.

Mwalimu huyo hana roho mbaya, anafuata kanuni. Basi kanuni na ibadilishwe. Mtoto huyu aruhusiwe kofia pana na mikono mirefu. Paredi ihamie chini ya mwembe. Darasani akae mbele, mbali na dirisha linalopigwa na jua, kwa kuwa ualbino hupunguza pia nguvu ya macho.

Halafu kuna mafuta ya kujikinga na jua. Kwake hayo ni dawa, wala si urembo. Apakwe nusu saa kabla ya kutoka, kisha arudie kila baada ya saa mbili. Kidonda kisichopona kwa mwezi mzima kipelekwe hospitali bila kungoja.

Upande wa Kenya, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu huwagawia bure mafuta hayo watu wenye ualbino waliosajiliwa. Mzazi wa Busia ambaye hajamsajili mwanawe, afanye hivyo wiki hii. Huko Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC hutengeneza mafuta yaitwayo Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino. Kumbe dawa hii inatengenezwa humuhumu Afrika Mashariki. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa mwaka 2018 ili mizigo ivuke kwa wepesi. Serikali zetu zihakikishe kopo la mafuta hayo nalo linavuka bila kodi, na linafika hadi kwenye zahanati ya kijijini.

Hayo ya serikali huenda yakachukua muda. La shule halina sababu ya kungoja. Kabla muhula ujao haujafunguliwa, kila mwalimu mkuu aongeze mstari mmoja kwenye kanuni za sare: mwanafunzi mwenye ualbino avae kofia popote penye jua. Mstari huo hautagharimu hata shilingi moja, iwe ya Kenya au ya Uganda.