Mguu Watakukatia Bure, Ukucha Ulipie



Leo naomba tuweke kando habari za vyama na Bunge, tuzungumze juu ya miguu ya wazee wetu. Msicheke. Mimi ni muuguzi mwenye shahada, na huu ni mwaka wa tisa nazunguka majumbani mwa wagonjwa hapa Uingereza nikisafisha na kufunga vidonda. Ninayoyasema nimeyaona, sikusimuliwa.

Nina bibi mmoja, mzaliwa wa Mombasa, miaka 81. Siku moja nimeingia kwake, shikamoo bibi, akaniitikia: "Marahaba mwanangu, leo viatu vimenikataa." Kumvua soksi, kucha nene kama pembe, zimepinda, moja imeingia nyamani. Mgongo haumruhusu kuinama na macho hayaoni vizuri. Tukamwombea nafasi kliniki ya miguu ya serikali. Jibu likaja: hana kisukari, damu inafika miguuni vizuri, hatari yake ni ndogo, kwa hiyo hastahili. Atafute wa kulipia.

Wa kulipia alitaka pauni 42 kila akija. Bibi akapiga hesabu ya chakula na umeme, akaamua kuvumilia. Akawa anaburura ndala ndani ya nyumba. Baada ya miezi mitatu akaanguka, nyonga ikavunjika. Gari la wagonjwa bure, upasuaji bure, kitanda wiki tano bure. Na kucha zile zile akarudi nazo nyumbani!

Jamani, hiyo ni akili gani?

Nisieleweke vibaya. Huduma ya afya ya taifa hapa, iliyoanza mwaka 1948, imeokoa maisha ya wengi wetu na ndiyo inayonilisha. Mwenye kisukari ana haki ya kukaguliwa miguu kila mwaka bila malipo. Mwongozo wa NICE wa mwaka 2015 unasema mwenye kidonda cha kisukari mguuni apelekwe kwa wataalamu ndani ya siku 1 ya kazi. Hayo ni mazuri. Lakini mzee asiye na kisukari, ambaye tatizo lake ni kwamba mkono haufiki kwenye kidole cha mguu, sehemu nyingi za England anafungiwa mlango. Mtaa huu watamkubali, mtaa wa pili watamkataa. Mlango unafunguka kidonda kikishatokea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku ukuta unajengwa kila siku kwa fedha za walipa kodi.

Wakubwa hujibu kwamba kukata kucha si matibabu. Kwa kijana, sawa. Kwa mzee anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, au ambaye miguu imekufa ganzi, mkasi mmoja ukiteleza ni kidonda cha miezi. Wengine husema, na hawa ni wenzetu: "Watoto wake wako wapi?" Watoto wake wako zamu ya usiku, wanawageuza wazee wa watu wengine vitandani. Na hata akiwa nyumbani, mtoto hakufunzwa kukata ukucha mgumu ulioingia nyamani. Tusifiche uzembe wa serikali kwa kutaja heshima ya familia.

Na nyumbani je? Tanzania tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure. Dirisha la wazee lipo. Lakini ni nani pale dirishani anayemwambia mzee avue kiatu? Madaktari wa Dar es Salaam waliwahi kuandika juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku, wasihisi kitu mpaka asubuhi. Wala msiniambie hatuwezi. Mradi wa Step by Step, wa kufundisha wahudumu kutunza miguu ya wenye kisukari, ulianzia Tanzania na India miaka ya mwanzo ya 2000. Ujuzi tunao. Sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Wabunge waulizwe: ukaguzi wa miguu ya mzee umo, au tunasubiri kulipia msumeno?

Ninachodai ni kidogo. Hapa Uingereza, kwenye fomu ya kupima nani anastahili, liongezwe swali moja: je, unaweza kuzifikia kucha zako na kuziona? Asiyeweza, na hana fedha, ahudumiwe bure kabla ya kuanguka. Mwandikieni mbunge wenu na bodi ya afya ya eneo lenu. Mzazi akikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi na mtake uamuzi uangaliwe upya. Wengi wetu tukiambiwa "hapana" mara moja tunasema ahsante na kuondoka, nao wanalijua hilo.

Na leo usiku ukimpigia mama simu, usiishie kumuuliza kama amekula. Muulize miguu ikoje, na uliye karibu naye mvue soksi uangalie mwenyewe.

Naomba kutoa hoja.