Kukimbia Si Kazi ya Mabingwa Peke Yao

Wafanyakazi wengi wapendao kukimbia kwa afya na furaha huelekea Moshi, ambako mbio za Kilimanjaro zilianza mwaka 2003. Hatuwalaumu. Lakini twauliza: mbona ni wachache mno wanaozikumbuka nyanda za juu za Mbulu na Karatu?

Huko ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi. Huko ndiko alikotoka Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974. Nchi ile ina baridi na hewa nyepesi, na njia zake za vumbi hupanda na kushuka mashambani kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Eyasi. Atokaye Dar es Salaam atahema kama mvukuto siku za kwanza, naye asione haya. Wenyeji watamcheka kidogo, kisha watamwonyesha njia.

Wapo wanaodhani kuwa riadha ni medali tu. Kwa fikira hiyo, Mbulu hutajwa bingwa anapozaliwa, kisha husahauliwa. Twazitaka halmashauri za huko na vyama vya wafanyakazi visingoje bingwa mwingine. Maji njiani, malazi ya bei nafuu, na malori yazuiwe kwa saa mbili tatu asubuhi ya Jumapili: hayo hayangoji uwanja wala mfadhili. Na fedha ya mgeni wa namna hiyo itamfikia mama mwenye kibanda cha chai, ambaye magari ya watalii waendao Ngorongoro humpita kila siku bila kusimama.