Kutu ya Kutengeneza Ina Mahali Pake

Pikapu ya Kimarekani aina ya Chevrolet 3100 ya kati ya 1947 na 1955 ikibadilishiwa madigadi moja tu, fundi hukutana na tatizo lisilomalizwa na kopo la rangi. Boneti na milango imechujuka kwa jua na kujaa mabaka ya kahawia, halafu pembeni limekaa bati jipya linalong'aa. Hapo ndipo ufundi wa kuotesha kutu kwa makusudi unapostahili heshima.

Bati huchunwa rangi na praima hadi chuma kibaki kitupu, likapigwa msasa na kufutwa mafuta yote, maana alama ya kidole tu inaweza kuacha doa. Hupuliziwa siki, kisha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya maduka ya dawa, iliyotiwa chumvi. Povu hutoka, na rangi ya chungwa huchomoza ndani ya dakika chache. Mwenye haraka huishia na bati la rangi moja, kama lililopakwa kwa brashi. Fundi mwenye jicho hupulizia kidogo kidogo, akaliacha likauke, akarudia pale ambapo maji ya mvua yangetuama: ukingo wa chini, kwenye mkunjo, kuzunguka boliti. Siki na peroksaidi zisihifadhiwe pamoja kwenye chupa iliyofungwa. Zikichanganyika hutoa asidi kali.

Mwishoni bati huoshwa kwa maji yenye magadi, likakaushwa na kupakwa klia isiyong'aa. Hatua hii haikwepeki. Sanamu ya Picasso iliyosimama Chicago tangu 1967 ni ya chuma maalumu ambacho kutu yake hushikamana na kukikinga. Lakini kutu ya bati la gari ina vinyweleo, nayo huendelea kula.

Safu hii inapinga kabisa kuchuna rangi ya kiwandani iliyo hai ili kuotesha kutu ya duka la dawa. Rangi iliyodumu tangu 1952 ikishachunwa, hairudi. Karakana ya ICON ya Los Angeles, kwenye magari yake iliyoyaita Derelict, huacha bodi na uchakavu wake wa kweli, ikaweka chesisi na injini mpya chini yake. Huo ndio mpangilio sahihi: uzee ukae juu, uzima ukae chini. Chesisi na mabomba ya breki hayaguswi na urembo huu, na mnunuzi aonyeshwe picha za bati kabla halijapuliziwa, ajue kama lilikuwa zima au lilikuwa limeoza.