Ndege Wasio na Majina

Mvua za masika zianzapo, kumbikumbi hutoka vichuguuni kandokando ya njia za Migori, na mwewe huwagombania na watoto. Huko Homa Bay, katika Bonde la Lambwe, mbayuwayu wa buluu huwasili Mbuga ya Ruma mnamo Aprili kutoka kusini mwa Afrika, wakakaa hadi Septemba. Ni ndege walio hatarini kutoweka. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili aliyezaliwa papo hapo atakutungia beti kumi za waridi na asumini, maua asiyopata (nadhani) kuyanusa, mwulize ni nani yule arukaye juu ya nyasi, atajibu: "Ndege." Kamusi nazo hazimfai sana: "aina ya ndege mdogo." Wazee wetu wanayo majina kwa Kijaluo na Kikuria. Tuyakusanye, kisha Kiswahili kiyatohoe bila haya.