Tumpeleke Wapi Mwana Mwari?



Mama mmoja alibaki nyuma baada ya darsa ya kina mama, wenzake wote wakishaondoka. Alikuwa akikunja mkeka uliokwisha kukunjwa. Nikamwuliza kama ana haja. Akasema, "Sheikh, nina suala, lakini naona haya kuliuliza, maana si la sala wala saumu." Nikamwambia kwamba masuala mengi yanayovunja nyumba za Waislamu si ya sala wala saumu, basi aulize.

Bintiye wa kwanza atatimiza miaka 16 mwezi ujao. Hakuomba simu wala nguo, na hakuomba kualika shoga zake. Ameomba kuketi usiku mmoja pamoja na babake, mamake, nduguze wawili wadogo na bibi yake katika mkahawa wa hadhi, wenye vitambaa vyeupe mezani na taa za upole, wahudumiwe kama wageni wa heshima. Babake alimjibu mbele ya nduguze kwamba huo ni upuuzi wa Kizungu. Binti hakubishana. Aliingia chumbani, na tangu siku hiyo huwajibu wazazi wake kwa neno moja moja. "Sasa nifanyeje?" akauliza mama. "Nimkatae pamoja na babake, au nimpeleke? Na nikimpeleka, nimpeleke wapi?"

Suala la kwanza nitalipitia kwa ufupi, kwa kuwa wasomaji wa safu hii wameshalisikia mara nyingi. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu siku ya kuzaliwa. Wako wanaoikataza kwa kuona ni kujifananisha na wasiokuwa sisi na kuzidisha idi juu ya idi zetu mbili. Wako wanaoiona ni ada tu, ambayo hukumu yake hufuata yatendwayo ndani yake. Wengine hutaja Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu saumu ya Jumatatu alieleza kuwa ndiyo siku aliyozaliwa. Anayeitaja Hadithi hiyo na akumbuke kwamba Mtume siku hiyo alifunga, hakula! Rai yangu ni kuwa familia isiyoifanya siku hiyo kuwa idi, wala kuitakidi kuwa ni ibada, wala kuchanganya na haramu, ikakusanyika kula na kumshukuru Mola kwa umri wa mtoto wao, sioni la kuwakemea. Anayetaka kujihadhari zaidi aichague Alhamisi ya juma la pili yake. Ladha ya chakula haitapungua. Waama kwa hesabu ya Hijria binti huyo ameshapita miaka 16 na anakaribia 16 na nusu, kwa hiyo tarehe yenyewe si ya kushikiliwa kama mlango wa Kaaba.

Lakini kuna jambo moja nalisema kwa kina baba wenzangu. Tusiliite haramu jambo kwa sababu tu mfuko hauna kitu. Kama huna, mwambie mwanao, "Sina, mwanangu, ningependa lakini mwezi huu sina." Mtoto wa miaka 16 huifahamu lugha hiyo, na huenda akakupenda zaidi kwa kuambiwa kweli. Ukimfunika kwa fatwa usiyokuwa nayo, siku atakapokuona wewe mwenyewe umeketi hotelini na marafiki zako utakuwa umempoteza mara mbili. Na tusijidanganye. Binti aliyeomba apelekwe na babake ameomba jambo jema sana. Wapo mabinti wa umri wake wasioomba, kwa sababu wameshapata wa kuwapeleka.

Suala la pili ndilo lililonipa kazi, na ndilo ninalotaka kulieleza kwa urefu, kwa kuwa mimi mwenyewe nimewahi kulikosea.

Miaka kadhaa iliyopita nilitaka kumfurahisha binti yangu aliyekuwa amemaliza kuhifadhi juzuu aliyokuwa akihangaika nayo mwaka mzima. Nilisikia sifa za hoteli moja ya ufukweni, nikapiga simu, nikauliza swali moja tu: "Chakula chenu ni halali?" Nikajibiwa, "Halali kabisa, Sheikh." Tukaenda, mimi na kanzu yangu na wake zetu wa nyumbani na mabuibui yao. Chakula, kweli, kilikuwa halali. Meza yetu lakini ilikuwa hatua tatu kutoka baa, na walioketi upande wa pili walikuwa wakifungua chupa kwa kishindo na kushangilia. Binti yangu hakunilaumu. Aliinamisha kichwa, akala wali kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba, twende nyumbani." Tulilipa chakula tusichokimaliza, tukala viazi karai barabarani, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza usiku ule. Makosa hayakuwa ya wenye hoteli, kwani wao walinijibu nilichowauliza.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe la nyama. Liwe: je, mahali hapo panauzwa pombe, na kama panauzwa, huletwa mezani? Imam Tirmidhi amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba anayemwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa ulevi. Hadithi inaitaja meza, na wako wanaoshikilia neno hilo wakaona ukumbi wenye meza nyingine za watu wengine ni jambo jepesi. Mimi siwakemei waliokwama safarini wakala hapo. Lakini huu ni usiku uliochaguliwa kwa hiari, kwa ajili ya mwana mwari, na bibi yake yupo. Kwa nini tutafute pa kuvumilia ilhali pa kustarehe papo?

Na papo. Mombasa yetu si maskini wa jambo hili. Mahoteli ya ufuo, kuanzia Nyali na Bamburi hadi Diani, mengi yamejengwa kwa ajili ya mtalii, na baa ni sehemu ya biashara yao. Lakini ndani ya kisiwa, Mji wa Kale na viunga vyake, Makadara na Kibokoni, kuna nyumba za kulia chakula za Waislamu ambazo pombe haijawahi kuingia. Kasoro ya baadhi yake ni kelele na haraka: hujamaliza kutafuna, mhudumu amesimama na kitambaa anafuta meza. Binti huyu hakuomba kushiba, aliomba hadhi. Basi ulizieni zile zenye chumba cha juu au pembe ya familia, na dirisha linaloelekea bandari ya kale kama ipo bahati. Mwenye mkahawa wa kawaida akiambiwa siku tatu kabla kwamba kuna shughuli ya binti, aghalabu huvitoa vitambaa vyeupe mwenyewe, akaweka na asumini. Sitataja majina, maana jarida hili si ubao wa matangazo, na mkahawa mzuri leo huenda mwakani ukawa na mpishi mwingine.

Chakula chenyewe nacho kina maswali yake. Cheti cha halali, kama kile kitolewacho na Kenya Bureau of Halal Certification, ni jambo la kutuliza moyo. Muombeni mwenye mkahawa awaoneshe, na tazameni tarehe yake. Mahali pasipokuwa na cheti ulizeni nyama hununuliwa wapi. Kwenye mikahawa ya vyakula vya Kizungu ulizeni pia mchuzi wa nyama na keki, kwa kuwa baadhi ya mapishi hayo hutiwa mvinyo au rami, na vitu vitamu vinavyotikisika huwa na jelatini isiyojulikana ilitoka kwa mnyama gani. Sisi Mashafii kamba na ngisi ni vyetu, alhamdulillahi, lakini mkialika jirani wa madhehebu ya Hanafi mkumbuke kwamba wao katika vya baharini hula samaki, na kuhusu kamba wana khitilafu baina yao. Agizeni na nguru au kuku wa kupaka, mgeni asikae akitazama sahani za wenzake.

Mama alinitajia wasiwasi wa vyombo vya fedha, ambavyo Mtume (s.a.w.) amekataza tusivile wala tusivinywee, pamoja na vya dhahabu. Nikamtuliza: vijiko hivyo vinavyong'aa karibu vyote ni chuma kisichoshika kutu.

Sasa nije kwa bibi. Nilimwuliza mama, "Bibi yake anapanda ngazi?" Akanyamaza, kisha akasema magoti yanamsumbua, na pengine wangemwacha nyumbani, wampelekee chakula. Hapo nilimsimulia kisa alichokipokea Anas (r.a.), kilichomo katika Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) alikuwa na jirani Mfursi, hodari wa kupika mchuzi. Siku moja akapika, akaja kumwalika. Mtume akamwashiria Bibi Aisha: na huyu je? Yule akasema hapana. Mtume naye akasema hapana. Akarudi mara ya pili, ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu alipoulizwa, na huyu je, alisema naam. Wakainuka wote wawili, wakaongozana mpaka nyumbani kwake. Mchuzi ulikuwa mzuri na njaa nayo ilikuwapo katika nyumba ile ya Mtume, tena mara nyingi, lakini hakwenda kula peke yake.

Basi chumba cha juu kinachotazama bahari, kama bibi hawezi kukifikia, si chumba cha usiku huo. Tafuteni meza ya chini, isiyo mbali na mlango, yenye kiti cha mgongo ulionyooka. Mnaokaa Likoni hesabuni na kivuko, msije mkamsimamisha mzee kwenye msongamano saa nne za usiku. Na kina mama wenye kuvaa nikabu wachague kiti kinachopa ukuta mgongo, au waombe pazia, wapate kula bila kuinua kitambaa kila tonge kama mwizi.

Wakati nao una adabu yake. Magharibi ya Mombasa haihami sana. Mwaka mzima hubadilika kwa takriban nusu saa tu. Salini Magharibi nyumbani, mtoke, mketi mezani saa moja na nusu, mrudi msali Isha kwa utulivu. Wanaoweka meza saa kumi na mbili jioni hujikuta wakitafuta kibla baina ya masufuria, na wa kwanza kupoteza sala hapo ni mwanamke, kwa kuwa mwanamume atatoka nje apate msikiti.

Kuhusu gharama sina mengi. Israfu imekatazwa ndani ya Qur'ani waziwazi, na ubahili pia. Soma maandishi madogo yaliyo chini ya orodha ya vyakula. Kama bei hazijajumuisha kodi, kuna VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, na pengine ada ya huduma. Chakula ulichohesabu kuwa Sh10,000 huwa Sh11,800, na ada ya huduma ikiwa ni asilimia 10, Sh12,800. Baba asiyejua hilo hukunja uso bili ikija, na uso huo ndio mtoto atakaoukumbuka. Bora kuagiza sahani nne za kugawana na kuilipa bili kwa bashasha. Na simu ziwekwe mkobani. Picha moja ya bibi na mjukuu inatosha, tena isirushwe kwa watu wasiojua hata jina la binti.

Mwisho nilimwomba mama afanye jambo moja kabla ya kuchagua mahali: amwachie mumewe kazi ya kuchagua. Asimwendee na hoja zangu wala asimwambie Sheikh kasema, maana hakuna mume apendaye kushindwa na mtu asiyekuwapo. Amwambie tu, "Baba fulani, wewe wajua zaidi mahali penye staha. Twaomba ututafutie." Aliniangalia kama mtu asiyeamini, akaenda zake.

Jumatano hii amenipigia simu. Mume alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu, baada ya sala ya Alasiri, alipita mwenyewe kwenye mkahawa mmoja wa mjini, akaomba kuoneshwa meza, akakaa juu ya kila kiti. Amerudi nyumbani akilalamika kuwa meza waliyotaka kumpa ipo karibu mno na mlango wa jikoni na moshi utamdhuru mamake, hivyo amewabadilishia. Kisha amemwita binti, akamwuliza apenda sharubati ya ukwaju au ya pasheni, kwa kuwa wenyewe wanataka kujua mapema. Binti amejibu kwa maneno mengi, hata mama amepoteza hesabu.

Wabillahi taufiq.