Acheni Kukagua Kapu la Maskini

Hoja hii imeota mizizi, na wengi wanaoitoa wana nia njema: mtu maskini mwenye kisukari au presha akipewa msaada wa chakula, asiachiwe uhuru wa kuchagua. Akishikishwa fedha taslimu, wanasema, ataishia kwenye chipsi, mandazi na soda, kisha hospitali ya umma ibebe mzigo. Kwa hiyo apewe kuponi ya vyakula vilivyoidhinishwa, au fedha yake ifungwe masharti. Kwenye daladala za Mbagala na vijiwe vya Tegeta, Dar es Salaam, maneno ni yaleyale kuhusu ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii: hela za bure huliwa ovyo.

Hoja hiyo ni potofu, na ikigeuzwa kuwa sera itawaumiza walewale inaodai kuwalinda.

Marekani tayari imeigeuza kuwa utaratibu. Mei 2025 Nebraska lilikuwa jimbo la kwanza kupewa kibali cha kuwazuia wanaopokea msaada wa chakula wa SNAP wasinunue soda na vinywaji vya kuongeza nguvu kwa fedha hizo, kuanzia Januari 1, 2026. Majimbo mengine yakafuata. Mawazo ya namna hii hayakawii kuvuka bahari, hivyo ni vema yajibiwe mapema.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 9 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64, na presha kwa robo yao. Asilimia 97 hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa. Asilimia 97 si walengwa wa TASAF peke yao. Humo yumo mhasibu wa Mikocheni, yumo mwalimu wa Kigamboni, yumo mwenye nyumba za kupangisha Sinza. Mhasibu akila chipsi kuku kila jioni hakuna anayemdai risiti, ingawa dawa zake hulipiwa na mfuko wa bima unaochangiwa na wengi. Kwa nini bibi wa Buza ndiye akaguliwe kapu?

Wanaotaka ukaguzi huo waende gengeni Mbagala Rangi Tatu jua likizama. Mama anayetoka kibaruani hanunui chakula cha wiki. Ananunua nusu kilo ya unga, mafuta ya kupima, fungu la nyanya, fungu la matembele na kopo la mkaa. Friji hana. Thamani ya maharage anaijua bila kufundishwa na mtu. Anachojua zaidi ni kwamba yatakaa jikoni saa nzima na zaidi, na mkaa ni fedha. Chipsi za kibandani zina sifa moja inayomshinda mtu aliyechoka: zimekwisha kupikwa. Kumkataza asizinunue hakumwongezei mkaa wala muda.

Tena hampikii mgonjwa peke yake. Sufuria ya ugali ni moja. Bibi mwenye kisukari na wajukuu wananawa mikono pamoja. Masharti yatakayoandikwa kwa jina la bibi yatamshukia pia mtoto wa miaka mitatu ambaye mwili wake unahitaji mafuta na nguvu. Na hata kwa bibi mwenyewe, katazo la jumla ni hatari. Mtu anayetumia insulini, sukari ikimshuka ghafla, huduma ya kwanza ni kitu kitamu: soda, juisi, au sukari iliyokorogwa kwenye maji. Karani anayepanga orodha ya vyakula vilivyokatazwa hatakuwepo usiku huo.

Na hizo hela zinazodaiwa kuliwa ovyo? Mpango wa majaribio wa TASAF uliofanyika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino ulifanyiwa tathmini katika vijiji 80. Kaya zilizopata ruzuku zilijiunga zaidi na bima ya afya ya CHF, zikawanunulia watoto viatu, zikafuga. Mwaka 2014 watafiti David Evans na Anna Popova walipitia tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali, na hawakuona kwamba fedha taslimu huongeza matumizi ya pombe na tumbaku.

Shinyanga kuna ushahidi wa karibu zaidi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, watu wanaoishi na VVU walioanza dawa waligawanywa: wengine walipata ushauri wa lishe tu, wengine ushauri pamoja na kapu la chakula, wengine ushauri pamoja na fedha. Baada ya miezi sita, waliozingatia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 63 kwenye kundi la ushauri mtupu, 79 kwenye kundi la chakula na 85 kwenye kundi la fedha. Jaribio lilipima ufuasi wa dawa, halikupima kisukari. Lakini lilihusu wagonjwa maskini wa Tanzania walioaminiwa na fedha, na hawakuiangusha imani hiyo.

Walio na umri wa kutosha wanaikumbuka pia foleni ya unga, sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Serikali ilipanga nani apate nini na kiasi gani. Bidhaa zikahamia kwenye magendo. Kuponi ya mchicha nayo itauzwa nusu bei kwa anayeitaka, na anayeihitaji zaidi ndiye atakayepunjwa.

Njia bora zipo. Katika kaunti ya Hampden, Massachusetts, kati ya 2011 na 2012, wapokeaji wa SNAP walirudishiwa senti 30 kwa kila dola waliyotumia kununua matunda na mboga. Ulaji wao wa matunda na mboga ukapanda kwa asilimia 26 bila kukatazwa chochote. Afrika Kusini ilianza mwaka 2018 kutoza ushuru vinywaji kulingana na sukari iliyomo, ikimbana mwenye kiwanda na kumgusa kila mnywaji, tajiri kwa maskini.

TASAF na manispaa za Kinondoni na Temeke zina majina ya walengwa wao. Orodha hizo zitumike kuongeza ruzuku kwa kaya yenye mgonjwa wa kisukari au presha, na kuipandisha kila bei ya unga na mafuta inapopanda. Vipimo vya sukari na dawa zake vipatikane bila malipo kwenye zahanati ya kata, ili mgonjwa wa Chamazi asitumie hela ya mboga kama nauli ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Temeke, na wa Bunju asiitumie kwenda Mwananyamala. Fedha ambayo ingelipa wakaguzi wa makapu iende huko.